Lilistahimili mafuriko, likaangushwa na siku nne

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu anaishi Louisiana, Marekani. Juzi alitutumia picha ya gazeti la New Orleans. Juu ya ukurasa wa mbele kuna majina mawili yametengwa kwa mstari: The Times-Picayune, halafu The New Orleans Advocate. Hiyo picayune ni nini? Na kwa nini gazeti moja liwe na majina mawili? Chuoni tulifundishwa kwamba Times-Picayune ndilo lililopata tuzo kwa habari za kimbunga Katrina. Gazeti la namna hiyo linanunuliwaje na gazeti la mji mwingine?" (Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Morogoro)

Marahaba. Umeuliza matatu, ila la tatu ndilo lenye nyama. Hayo mawili ya mwanzo tutayapitia kwa sababu ndiyo mlango wa kuingilia.

Picayune ni sarafu. New Orleans ilitawaliwa na Wafaransa, kisha Wahispania, kabla Marekani haijainunua mwaka 1803, na hela za Kihispania ziliendelea kuzunguka mjini humo miaka mingi baadaye. Dola ya Kihispania iligawanywa katika real nane. Nusu ya real moja, yaani senti sita na robo, watu wa New Orleans waliiita picayune. Wazee wetu wa Pwani wasingepata taabu na hesabu hiyo, maana wao dola yenyewe waliiita reale na mahari zilitajwa kwa reale. Tarehe 25 Januari 1837 wachapaji wawili, Francis Lumsden na George Wilkins Kendall, walitoa gazeti dogo wakaliuza kwa sarafu hiyo, na bei ikawa jina. Ni kama leo mtu aanzishe gazeti Dar es Salaam aliite Jero. Siku hizi katika Kiingereza cha Wamarekani neno hilo lina maana ya jambo dogo lisilo na uzito, jambo la kitoto.

Mwaka huohuo wa 1837, kwa bahati tu, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja kuangalia maslahi ya wafanyabiashara wa Salem, wale walioleta kitambaa cha merikani. Pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya kwao ililimwa Kusini mwa nchi, na bandari kubwa ya pamba huko Kusini ilikuwa New Orleans.

Penye pamba palikuwa na watumwa, na hapo sitaki upite mbio. New Orleans ilikuwa soko kubwa kuliko yote la watumwa nchini Marekani, na Picayune lilikula kwenye sahani hiyo. Ukifungua matoleo yake ya miaka ya 1840 unakuta, kwenye safu zilezile za mizigo iliyowasili na meli zinazoondoka, matangazo ya minada ya watu na ya zawadi kwa atakayemkamata mtoro, yakilipiwa kwa mstari kama tangazo lolote. Watu weusi wa mji huo walipopata nafasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, walijianzishia la kwao: New Orleans Tribune, mwaka 1864, gazeti la kwanza la kila siku la watu weusi nchini Marekani, likiandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Times-Picayune lenyewe lilingoja hadi 1993 ndipo likakaa chini kuchapa mfululizo mrefu juu ya ubaguzi wa rangi mjini, na humo likajihesabu na lenyewe. Wasomaji wengi wa kizungu walikasirika. Ninalitaja hili mapema ili nikianza kulisifu usije ukadhani ninasimulia habari za malaika.

Tumrudie Kendall, mtu asiyetulia. Vita vya Marekani na Meksiko vilipoanza mwaka 1846 aliacha meza akaenda vitani na kalamu yake. Barua zake na za wenzake zilibebwa na wapanda farasi kutoka bara hadi bandari ya Veracruz, kisha zikavuka ghuba kwa meli. Simu ya waya ilikuwa haijafika New Orleans. Kilichonifurahisha nilipokisoma mara ya kwanza ni ujanja wa mwisho wa safari: Picayune lilituma mashua za mwendo wa kasi zikakutane na meli hizo, na ndani ya mashua kulikuwa na makasha ya herufi na mafundi wa kuzipanga. Habari ilipangwa herufi moja moja huku mashua inayumba. Walipofika gatini kazi iliyobaki ilikuwa kupaka wino na kuchapa. Magazeti makubwa ya Kaskazini yakawa yanasubiri kunakili gazeti la senti sita. Kendall baadaye alihamia Texas akafuga kondoo, na wilaya moja huko ina jina lake. Lumsden alikufa maji mwaka 1860, meli ya Lady Elgin ilipozama katika Ziwa Michigan.

Sasa nikupe mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii. Eliza Jane Poitevent alikulia Mississippi, karibu na mto Pearl, akaandika mashairi kwa jina la Pearl Rivers. Alipokubali kazi ya uhariri wa fasihi Picayune, ndugu zake waliona aibu, kwani chumba cha habari hakikuwa mahali pa binti wa watu. Mwaka 1872 akaolewa na mwenye gazeti, Alva Holbrook, aliyemzidi umri kwa mbali. Muda mfupi baada ya harusi, mke wa zamani wa Holbrook aliingia nyumbani kwao na bastola, akafyatua risasi zikamkosa, kisha akampiga bibi harusi kichwani kwa chupa. Magazeti mengine mjini yalisherehekea, kama unavyoweza kukisia.

Holbrook alifariki mwaka 1876 akamwachia gazeti lililozama kwenye madeni. Mjane kijana angeweza kuliacha lifilisike, na ndivyo wengi walivyomshauri. Yeye akashika usukani, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza gazeti kubwa la kila siku huko Marekani. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wafanyakazi kuwa asiyeweza kufanya kazi chini ya mwanamke mlango uko wazi. Mwaka 1878 akaolewa na meneja wake wa biashara, George Nicholson. Bwana akashika hesabu, bibi akashika kurasa.

Alichokifanya kwenye kurasa hizo leo tunakiona cha kawaida kwa sababu kila mtu alikiiga. Picayune la awali lilikuwa la wanaume wa bandarini: bei ya pamba, meli, siasa. Bi Nicholson akaliingiza jikoni na sebuleni. Akaleta ukurasa wa watoto, mitindo, mapishi, utetezi wa wanyama wanaopigwa barabarani, na safu ya Jumapili juu ya karamu na harusi za wakubwa, ambayo mwanzoni iliwaudhi hao wakubwa (jina la binti kuonekana gazetini ilikuwa fedheha) na baada ya muda wakawa wanaudhika lisipotokea. Utabiri wa hali ya hewa aliukabidhi kwa chura mchoro, aliyevaa nguo kulingana na siku itakavyokuwa. Akamwajiri pia jirani yake wa mapumzikoni, Elizabeth Gilmer, ambaye kwa jina la Dorothy Dix alianzisha hapo safu ya ushauri wa mapenzi na ndoa. Safu hiyo ikaja kusomwa na mamilioni nchi nzima, na zile za "Anti, nifanyeje?" unazozisoma kwenye magazeti ya kwetu ni wajukuu zake. Bi Nicholson alikufa kwa mafua makali Februari 1896, siku chache tu baada ya mumewe.

Hapo ndipo gazeti lilipogeuka kuwa desturi ya nyumbani. Halikuwa tena kitu anachonunua mfanyabiashara anapotaka bei. Likawa kitu kinachosubiriwa mlangoni na baba, mama na mtoto, kila mmoja na ukurasa wake, kila asubuhi. Shika neno hilo "kila", tutalihitaji.

Miongo iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1914 Picayune liliungana na mpinzani wake, Times-Democrat, ndipo likapata kile kistari katikati ya jina. Mwaka 1962 S. I. Newhouse, tajiri wa magazeti wa New York, alilinunua pamoja na gazeti la jioni la States-Item kwa dola milioni 42. Mwaka 1980 hilo la jioni likamezwa, likabaki gazeti moja mjini. Kwa mwenye mali hiyo ni raha tupu: kila anayeuza gari, nyumba au kitanda lazima apite kwako. Ila kumbuka kwamba tangu 1962 uamuzi wa mwisho haukuwa tena New Orleans.

Juni 2002 waandishi John McQuaid na Mark Schleifstein walichapa mfululizo wa siku tano ulioeleza kimbunga kikubwa kitaufanya nini mji uliokaa chini ya usawa wa bahari: kuta za kuzuia maji zitashindwa, maji yatajaa kama kwenye bakuli, na watu kama 100,000 wasio na magari hawataweza kutoka. Miaka mitatu baadaye ikawa.

Jumatatu, 29 Agosti 2005, upepo wa Katrina ulipopungua, televisheni za taifa zilitangaza kwamba mji umepona. Mchana huo watu wawili wa Times-Picayune, mhariri James O'Byrne na mhakiki wa sanaa Doug MacCash, walichukua baiskeli wakafuata reli kuelekea upande wa ziwa lililopakana na mji. Wakasimama juu ya daraja la reli. Chini yao, mtaa wa Lakeview ulikuwa umezama hadi kwenye mapaa, na maji yalikuwa yanakwenda, hayakutuama. Maji yaliyotuama ni mvua. Maji yanayokwenda maana yake ukuta umevunjika mahali. Kwa baiskeli mbili walijua jambo ambalo watangazaji wenye helikopta hawakuwa wamelitangaza: mfereji wa 17th Street umepasuka na ziwa linaingia mjini.

Jumanne asubuhi maji yalifika kwenye ngazi za jengo la gazeti, Howard Avenue. Mchapishaji Ashton Phelps akaamuru watu watoke. Zaidi ya watu 200, wengine na watoto wao, walipanda nyuma ya malori ya kusambazia magazeti, wakakaa sakafuni gizani. Kabla hawajafika mbali, mhariri wa michezo, David Meeks, akaomba apewe lori moja na watu wa kujitolea warudi. Kikosi hicho kidogo kilirudi mjini na kuripoti kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mitumbwi, huku wengi wao wakijua kwamba nyumba zao ziko chini ya maji.

Kwa siku tatu hakukuwa na karatasi, gazeti lilitoka kwenye tovuti peke yake. Tarehe 2 Septemba likachapwa tena kwa mitambo ya gazeti dogo la mji wa Houma. Kichwa cha habari kilikuwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo sisi tungesema "Tusaidieni, tafadhali". Nakala zilipelekwa bure kwa watu waliokwama katika jumba la mikutano, wasio na maji wala chakula, na watu hao walizigombania. Mtu mwenye njaa aligombania gazeti. Tarehe 4 wahariri wakamwandikia Rais Bush barua ya wazi ukurasani, wakidai kila ofisa wa shirika la serikali kuu la maafa afukuzwe kazi. Mwaka 2006 likapata tuzo mbili za Pulitzer, tuzo kuu za uandishi wa habari Marekani, moja ikiwa ya huduma kwa umma, ambayo ilitolewa pia kwa Sun Herald la Mississippi.

Basi ilikuwaje?

Usiku wa 23 Mei 2012 habari ilivuja kupitia New York Times: kuanzia Oktoba, Times-Picayune litachapwa Jumatano, Ijumaa na Jumapili tu. Wafanyakazi wengi waliisoma kwenye simu zao kama mtu mwingine yeyote. Juni watu kama 200 wakapewa barua za kuachishwa kazi, na chumba cha habari kikapoteza karibu nusu ya watu wake.

Hesabu ya wamiliki ilikuwa hivi. Mapato ya matangazo ya magazeti yote ya Marekani yalishuka kutoka kama dola bilioni 49 mwaka 2005 hadi kama bilioni 25 mwaka 2012. Karatasi, wino, mafuta ya malori na mishahara ya wasambazaji haikushuka. Tangazo la supamaketi huja katikati ya wiki, la burudani Ijumaa, la karibu kila kitu Jumapili. Siku nne zilizobaki zinabeba habari lakini hazibebi pesa. Zikate, uwapeleke watu kwenye tovuti. Kwenye karatasi ya hesabu huwezi kuipinga.

Lakini gazeti lilikuwa bado linapata faida, na mji haukuwa karatasi ya hesabu. Zaidi ya theluthi moja ya kaya za New Orleans, kwa makadirio ya wakati ule, hazikuwa na intaneti nyumbani. Watu waliandamana kutetea gazeti, jambo ambalo waandishi wa habari hatulizoei. Tajiri wa mjini, Tom Benson, mwenye timu ya Saints, alitaka kulinunua. Akina Newhouse wakajibu haliuzwi. Waliokaa New York hawakuelewa, kwa maoni yangu, kwamba hakuna anayelipia Jumatano. Watu walilipia "kila". Msomaji aliyekuwa akichungulia mlangoni kila asubuhi kwa miaka 40, ukimfundisha kwamba leo lipo na kesho halipo, baada ya mwezi mmoja haangalii tena mlangoni hata siku lililopo.

Na kuna aliyekuwa anaangalia. Kilomita 130 ukiupanda mto Mississippi, katika mji wa Baton Rouge, kulikuwa na The Advocate, gazeti la familia ya Manship tangu 1909. Kabla hata Oktoba haijafika, lilianza kuchapa toleo la New Orleans siku saba kwa wiki. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa New Orleans, John Georges, akalinunua Advocate na kuwapa uongozi wahariri wawili wa zamani wa Times-Picayune, kisha akaendelea kuajiri waliofukuzwa ng'ambo ya pili. Msomaji akaona majina aliyoyazoea, kwenye karatasi, asubuhi, jina la juu tu ndilo geni. Times-Picayune likashtuka, likarudisha kijigazeti kidogo kwa siku zilizoachwa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Aprili 2019 Advocate lilipata Pulitzer yake kwa kuchunguza sheria ya Louisiana iliyoruhusu mtu kutiwa hatiani kwa kura 10 za wazee wa baraza kati ya 12, sheria yenye mizizi katika katiba ya kibaguzi ya 1898. Wapiga kura walikuwa wameshaifuta mwaka 2018. Tarehe 2 Mei 2019 Georges akatangaza amelinunua Times-Picayune. Wafanyakazi wote 161 wakaachishwa, wachache wakaitwa upya. Tarehe 1 Julai likatoka toleo la kwanza lenye majina mawili na ule mstari aliouona mjomba wako.

Kwa hiyo usiniandikie kwenye mtihani kwamba intaneti ililiua. Intaneti ilipunguza mapato ya wote wawili, na kimbunga kilikuwa kimewatawanya wasomaji wa New Orleans. Ila sitakudanganya upande wa pili pia: Georges ni tajiri aliyeweza kuvumilia hasara, na si kila mji una wake. Katika jimbo la Alabama, kampuni ya akina Newhouse iliyakata magazeti yake matatu kuwa ya siku tatu mwaka uleule wa 2012. Huko hakutokea jirani wa kuyafuata, na Februari 2023 yaliacha kuchapwa kabisa.

Jengo la Howard Avenue halipo tena. Ila saa moja hivi kwa gari kutoka New Orleans, upande wa Mississippi alikokulia Bi Nicholson, kuna mji unaoitwa Picayune, ulioitwa hivyo kwa heshima ya gazeti lake. Mjomba akipita huko akupigie picha ya kibao cha barabarani. Na muulize jambo moja zaidi kwa ajili yangu: majirani zake wanapolizungumzia lile gazeti, hutaja jina gani kati ya yale mawili?